SENOTE: KISIMA KILICHOCHIMBWA NA MVUA

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mbolea, matuta na maghala. Mwezi huu tutazungumza juu ya neno moja tu. Neno hilo ni senote.

Huenda hujapata kulisikia. Si neno la Kiswahili. Linatoka mbali, ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Meksiko. Lakini ndani ya neno hilo mna elimu ya maji, na elimu ya maji ni elimu ya kila mkulima. Basi soma polepole. Ukifika mwisho utaona kwamba neno hili linatuhusu sisi pia.

Senote ni shimo la asili lenye maji. Hakuna mtu aliyelichimba. Mwamba wa chokaa uliliwa na maji kwa chini, ukawa pango. Baadaye paa la pango liliporomoka. Shimo likabaki wazi, na ndani yake kuna maji. Senote nyingine ni pana kama uwanja wa mpira. Nyingine zina mdomo mdogo kama wa kisima, lakini chini ni kubwa kama ukumbi. Nyingine bado zina paa, na mtu huingia kwa kuinama.

NCHI ISIYO NA MITO

Senote zinapatikana kwa wingi Yucatán. Tamka Yukatani. Hiyo ni sehemu ya kusini-mashariki ya Meksiko. Ni nchi tambarare iliyozungukwa na bahari pande tatu. Wenyeji wake ni Wamaya. Wamekaa huko kwa maelfu ya miaka, na wapo mpaka leo. Watu zaidi ya 700,000 wanasema Kimaya cha Yucatán.

Wamaya ni wakulima kama sisi. Katika shamba moja hupanda mahindi, maharage na maboga. Mahindi tunayosonga ugali asili yake ni nchi hiyo ya Meksiko. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya watu wageni kabisa. Tunazungumza juu ya wakulima wa mahindi wenzetu.

Lakini nchi yao ina shida moja kubwa. Sehemu ya kaskazini ya Yucatán haina mito juu ya ardhi. Unaweza kutembea siku nyingi bila kuvuka kijito hata kimoja. Mvua inanyesha, tena nyingi. Lakini haikai. Udongo ni mwembamba, na chini yake ni mwamba wa chokaa wenye nyufa na matundu kama chujio. Mvua ikinyesha, maji yanazama mara moja.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Watu hawa walijenga miji mikubwa ya mawe. Walilima, walizaa, walizidi kuwa wengi. Walikunywa nini wakati wa kiangazi, miezi mingi bila mvua? Walikunywa maji ya senote. Penye senote ndipo watu walipoweza kukaa.

JINSI MVUA INAVYOCHIMBA MWAMBA

Huenda utauliza: maji ni laini, mwamba ni mgumu. Maji yanawezaje kula mwamba?

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua ganda la yai, ulivunje, uweke kipande kimoja katika kikombe. Kamulia ndimu juu yake. Ngoja kidogo. Utaona vipovu vidogo vinatoka. Ukiacha ganda hilo humo kwa muda mrefu, litalainika na kuwa jembamba. Ganda la yai limefanywa na kitu kile kile kilichofanya mwamba wa chokaa. Ukali wa ndimu unalila.

Maji ya mvua nayo yana ukali. Si mwingi kama wa ndimu, ni kidogo sana. Mvua inaupata hewani, na inapata zaidi inapopita katika udongo wenye mizizi na majani yaliyooza. Maji hayo yakipenya katika ufa wa chokaa, yanakula mwamba kidogo kidogo. Mwaka mmoja huoni kitu. Miaka elfu nyingi ikipita, ufa umekuwa mfereji, na mfereji umekuwa pango.

Zamani za kale kulikuwa na nyakati za baridi kali duniani. Maji mengi yaliganda kuwa barafu, na bahari ikashuka zaidi ya mita 100. Wakati huo mapango mengi ya Yucatán yalikuwa makavu. Baadaye barafu iliyeyuka, bahari ikapanda, na maji ya chini ya ardhi yakapanda pamoja nayo. Mapango yakajaa maji. Pale paa lilipokuwa jembamba, liliporomoka. Hiyo ndiyo senote.

Kuna jambo jingine la ajabu. Katika kaskazini ya Yucatán, senote nyingi zimejipanga katika mstari wa nusu duara kubwa. Wataalamu walipochunguza, waligundua sababu yake. Miaka milioni 66 iliyopita kimondo kikubwa sana kilianguka mahali hapo. Wengi wetu tumesikia habari za kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita 3 hivi. Kimondo cha Yucatán kilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi. Kilitoboa ardhi shimo lenye upana wa kilomita 180 hivi. Shimo hilo lilifunikwa baadaye na chokaa mpya, hata huwezi kuliona kwa macho. Lakini mwamba wa ukingoni mwake ulibaki na udhaifu. Maji yamefuata udhaifu huo, na senote zimetokea kwa mstari.

NENO LENYEWE

Sasa tulitazame neno lenyewe.

Wamaya husema ts'onot. Zamani liliandikwa pia dzonot. Maana yake ni shimo au pango lenye maji. Alama ile ndogo iliyo katikati ya neno mnaijua, kwa sababu sisi tunaitumia tunapoandika ng'ombe. Lakini katika Kimaya kazi yake ni nyingine. Inaonyesha kwamba sauti inabanwa kooni, kisha inaachiwa kwa ghafla.

Wahispania walifika Yucatán katika miaka ya 1500 na kuitawala kwa nguvu. Walikuta mashimo haya yenye maji. Katika lugha yao walikuwa na neno la kisima, neno la ziwa na neno la pango. Lakini ts'onot si kisima, kwa sababu haikuchimbwa na mtu. Si ziwa, kwa sababu iko chini ya mwamba. Na si pango tu, kwa sababu watu hunywa humo. Basi wakachukua neno la wenyeji. Ile sauti ya kubana koo iliwashinda. Walitamka walivyoweza, na neno likawa senote. Wao huliandika kwa herufi C mwanzoni.

Jambo hili hutokea kila mahali. Mgeni akikuta kitu ambacho kwao hakina jina, huchukua jina la mwenyeji. Sisi tulichukua meza kwa Wareno na shule kwa Wajerumani. Waingereza nao walichukua safari kwetu, na leo wanaitumia dunia nzima. Hata kakao, zao linalolimwa Kyela, jina lake lilianzia katika lugha za wenyeji wa Meksiko na majirani zao. Wamaya wa kale waliandika kakaw. Wahispania walilibeba neno pamoja na zao lenyewe.

Vivyo hivyo neno senote limesafiri. Leo wataalamu wa miamba na maji katika nchi nyingi wanalitumia. Profesa akiandika senote katika kitabu chake, anatamka neno la mkulima wa Kimaya aliyekuwa akitafuta maji ya kunywa.

MAJINA YANAYOONYESHA MAJI

Wamaya hawana neno moja tu la maji ya chini. Maji yenyewe huitwa ha'. Kisima huitwa ch'e'en. Pango huitwa aktun. Penye mwamba mnene, ambapo maji yako mbali sana chini, walichonga matangi ndani ya mwamba, wakayapaka chokaa na kukinga maji ya mvua. Tangi hilo huitwa chultun. Kila neno linamwambia msikilizaji aina ya maji atakayokuta na kazi itakayomngoja.

Majina ya mahali nayo yanaonyesha maji. Kuna mji wa kale uliojulikana duniani kote, unaitwa Chichén Itzá. Tamka Chichen Itsa. Chi' ni mdomo au ukingo. Ch'e'en ni kisima. Itzá ni jina la watu. Kwa hiyo maana ya jina zima ni Ukingoni mwa Kisima cha Waitza. Kuna mahali pengine panaitwa Bolonchén, maana yake Visima Tisa. Na viko vijiji vyenye neno dzonot katika majina yao, kama Dzonot Carretero na Dzonotchel.

Sisi pia tunafanya hivyo. Kisiwani Mafia kuna mahali panaitwa Kisimani. Jina kama hilo halikutolewa kwa mchezo. Lilitolewa ili mtu mwenye kiu ajue pa kwenda.

Huko Bolonchén visima vya mjini vilikuwa vikikauka wakati wa kiangazi. Hapo watu walikwenda kwenye pango kubwa nje ya mji. Msafiri mmoja wa Kimarekani, John Lloyd Stephens, alifika huko katika miaka ya 1840 pamoja na mchoraji wa Kiingereza, Frederick Catherwood. Catherwood alichora picha iliyojulikana sana. Inaonyesha ngazi kubwa ya magogo iliyofungwa kwa kamba za miti, ikishuka gizani. Juu yake wanaonekana watu wengi wakipanda na mitungi ya maji migongoni. Walifanya hivyo siku baada ya siku, mpaka mvua iliporudi.

Mama zetu na dada zetu wanaoteka maji mbali hawahitaji kuelezwa picha hiyo maana yake nini.

VITABU VILICHOMWA, NENO LIKABAKI

Wamaya wa kale walijua kusoma na kuandika. Waliandika vitabu kwa maandishi yao wenyewe, juu ya karatasi za magome ya miti. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, padri wa Kihispania aitwaye Diego de Landa aliamuru vitabu vyao vichomwe. Alidai kwamba vilikuwa vya dini ya uongo. Vitabu vya Kimaya vilivyobaki leo vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Miaka michache baadaye padri huyo huyo aliandika kitabu juu ya nchi ya Yucatán. Humo alieleza habari za senote na akaandika jina lake. Aliyechoma vitabu vya watu hawa alilazimika kutumia neno lao, kwa sababu hakukuwa na neno jingine la kutaja maji waliyokunywa.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, liweke jambo hili moyoni. Elimu ya maandishi inaweza kuchomwa. Elimu ya mdomoni nayo inaweza kufa na mzee mmoja. Elimu inayodumu ni ile ambayo watu wengi wanaisema, wengi wanaiandika, na wengi wanaitumia.

SENOTE MBILI ZA MJI MMOJA

Turudi Chichén Itzá. Mji huo una senote kubwa mbili zinazojulikana sana.

Moja inaitwa Senote Takatifu. Upana wake ni kama mita 60. Kutoka ukingoni hadi kwenye maji ni zaidi ya mita 20, na kuta zake zimesimama wima. Hapo watu wa kale walimtolea sadaka Chaak, mungu wao wa mvua. Kuanzia mwaka 1904, Mmarekani aitwaye Edward Thompson alileta mashine ya kuchota matope ya chini. Vilitoka vitu vya dhahabu, mawe ya thamani ya rangi ya kijani, ubani na vyungu. Ilitoka pia mifupa ya watu, wakiwemo watoto wengi. Vitu vingi alivipeleka Marekani. Baadhi vilirudishwa Meksiko baada ya miaka mingi.

Senote ya pili inaitwa Xtoloc. Tamka Shtolok. Hii ilikuwa ya maji ya kunywa. Watu waliteremka kwenda kuteka, wakapanda na mitungi.

Mambo ya sadaka ya watu ni ya imani ya wakati wao, nasi hatuyafuati. Lakini tazama mpango wao. Senote ya sadaka ilikuwa mbali na senote ya kunywa. Kila maji yalikuwa na kazi yake, na kila mtu aliijua.

Mpaka leo wako wakulima wa Kimaya wanaofanya ibada ya kuomba mvua. Maji ya ibada hiyo huitwa suhuy ha', yaani maji safi yasiyoguswa. Huyateka katika mapango na senote, mahali ambapo hayajachafuliwa. Kwa hiyo ndani ya ibada hiyo mna sharti la afya: mahali fulani pa maji pasichezewe.

MASHIMO MAKAVU NAYO NI MALI

Kwetu sisi wakulima, jambo hili linafurahisha. Si kila shimo la chokaa linafika kwenye maji. Mengine ni makavu. Lakini udongo kutoka juu umejikusanya humo kwa miaka mingi. Ni udongo mwingi na mweusi, na unashika unyevu hata wakati wa kiangazi. Upepo mkali haufiki na jua halichomi sana.

Wamaya wa kale waliyatazama mashimo hayo wakaona shamba. Humo walipanda kakao, mti unaotaka kivuli na unyevu, katika nchi ambayo kwa juu ni kavu mno kwa mti huo. Na kakao ilikuwa mali kubwa. Mbegu zake zilitumika kama fedha. Mtu mwingine angeliona shimo hilo kuwa mahali pa kutupa takataka. Wao walilifanya benki.

MAJI YANAYOTEMBEA GIZANI

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe hasa.

Mtu akitazama senote anaweza kudhani kwamba ni bakuli. Maji yamo, yametulia. Huo si ukweli. Senote ni dirisha. Chini yake kuna mapango marefu yaliyojaa maji, na maji hayo yanatembea kuelekea baharini. Mwaka 2018 wapiga mbizi walitangaza kwamba wameunganisha mapango mawili makubwa karibu na mji wa Tulum. Pango lililounganishwa linaitwa Sac Actun, maana yake Pango Jeupe. Urefu uliopimwa wakati huo ulikuwa kilomita 347. Ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kurudi, chini ya ardhi, ndani ya maji, gizani.

Mwaka 2007 wapiga mbizi walikuta katika shimo moja la chini mifupa ya msichana. Wataalamu walieleza habari zake mwaka 2014. Alikuwa na umri wa miaka 15 au 16, na aliishi kati ya miaka 12,000 na 13,000 iliyopita. Wakati huo mapango yalikuwa makavu. Inaelekea alitembea gizani akaanguka katika shimo. Wataalamu wengine wanadhani kwamba alikuwa akitafuta maji.

Kuna hatari mbili katika maji ya namna hii.

Hatari ya kwanza ni chumvi. Karibu na bahari, maji matamu yanaelea juu ya maji chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Ukivuta maji matamu mengi kupita kiasi, maji chumvi yanapanda kutoka chini. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi kubwa.

Hatari ya pili ni uchafu. Katika udongo wa mfinyanzi au mchanga laini, maji yanashuka polepole. Udongo unayachuja na kuzuia vijidudu vingi. Katika chokaa yenye mapango hakuna kuchuja. Maji machafu yanaingia katika ufa na kufika chini upesi, pamoja na vijidudu vyake na sumu zake. Kisha yanasafiri. Uchafu unaotupwa katika kijiji kimoja unaweza kunywewa katika kijiji kingine.

WATU WA HOMÚN

Mji mdogo wa Homún uko katika nchi hiyo ya senote. Tamka Omun. Wakazi wake wengi ni Wamaya. Maji yao yako chini ya mwamba, na wengine hupata riziki kwa kuwatembeza wageni wanaokuja kuogelea katika senote.

Ulikuja mpango wa kujenga hapo shamba kubwa la nguruwe, lenye nguruwe wapatao 49,000. Hebu fikiri mavi na mikojo ya nguruwe 49,000, juu ya mwamba wenye matundu kama chujio.

Wananchi hawakukaa kimya. Mwaka 2017 walikutana wakapiga kura wao wenyewe, na wengi walilikataa shamba hilo. Hata hivyo shamba lilianza kazi. Ndipo kesi ilipofunguliwa kwa jina la watoto wa mji huo. Hoja yao ilikuwa kwamba wao ndio watakaokunywa maji hayo kwa miaka mingi ijayo. Mwaka 2018 jaji aliamuru shamba lisimamishe kazi wakati kesi inaendelea. Mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya Meksiko ilikubaliana na amri hiyo.

Hapa ndipo neno linapoonyesha nguvu yake. Anayesema shimo anaweza kuruhusu taka zitupwe. Anayesema ts'onot anajua kwamba anasema juu ya maji ya kunywa ya watoto wake. Watu wa Homún walilijua neno lao.

NA SISI JE?

Chokaa si ya Yucatán peke yake. Katika pwani yetu iko miamba ya matumbawe ya kale, nayo ni chokaa ya namna hiyo hiyo. Unguja sehemu za mawe wenyewe huziita maweni. Huko maji ya mvua yanazama upesi, na yako mapango yenye maji matamu ndani yake, kama lile la Mangapwani. Tanga nako kuna mapango ya Amboni katika mwamba wa chokaa.

Kama unaishi juu ya mwamba wa namna hii, shika mambo haya:

1. Usitupe taka, mzoga wala maji machafu katika shimo au ufa wa mwamba. Shimo ambalo huoni mwisho wake huenda mwisho wake ni kisima.

2. Usioshe bomba la dawa za mimea karibu na shimo au pango. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ya dawa.

3. Choo kiwe mbali na kisima. Mara nyingi tunaelekeza mita 30 au zaidi. Lakini katika mwamba wenye nyufa hata mita 30 si dhamana. Muulizeni bwana afya na mtaalamu wa maji kabla ya kuchimba.

4. Mifugo isinywe moja kwa moja katika pango au shimo la maji. Tekeni, muwanyweshe katika birika lililojengwa kando.

5. Karibu na bahari msivute maji kupita kiasi. Maji yakianza kuwa na ladha ya chumvi, punguzeni kuvuta, na mpelekeni habari mtaalamu wa maji mapema.

6. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, hata kama yanaonekana maangavu. Maji ya pangoni ni maangavu sana, lakini vijidudu havionekani kwa macho.

Na jambo la saba ni kazi ya kalamu. Katika kila kijiji wako wazee wanaojua majina ya maji: chemchemi, visima vya zamani, mabwawa ya msimu, mapango. Wanajua maji yapi hukauka mwezi gani, na yapi yalikatazwa kuogewa, na kwa nini. Nenda kwao na daftari lako. Andika jina la kila maji kama wanavyolitamka. Andika maana yake. Andika masharti yake. Wamaya walichomewa vitabu, lakini hawakuliacha neno lao, na neno hilo limewasaidia kuyatetea maji yao mbele ya majaji. Sisi vitabu vyetu havijachomwa. Tusiviache bila kuandikwa.

MASWALI YA KUJADILI

Someni tena habari hii pamoja, kisha mjadili maswali haya:

1. Senote hutokeaje? Mmoja wenu alieleze jaribio la ganda la yai na ndimu.

2. Kwa nini Wahispania walichukua neno la Wamaya badala ya kutumia neno lao?

3. Kwa nini maji ya mwamba wa chokaa huchafuka upesi kuliko maji ya chini ya udongo wa mfinyanzi?

4. Katika kijiji chenu kuna mahali pa maji pangapi penye majina? Ni nani anayejua maana zake?

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kabla ya mvua za kwanza. Tayarisheni majembe.